Coastal ya Jana na Coastal ya Leo: Ni Nani Aliyepungua?

Bwana Mtengenezaji wa gazeti letu,

Naomba unipe nafasi katika kurasa hizi niyajibu maneno yaliyosemwa katika mkutano wetu wa mwezi uliopita hapa Lushoto, ambayo wengi waliyapigia makofi, nami nikakaa kimya. Sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa kuwa aliyesema ni mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo, na si adabu kumkatiza mtu mzima mbele ya vijana anaowaongoza kazini. Lakini karatasi haina haya, na juu yake mtu aweza kusema yale ambayo ulimi uliogopa.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee wetu alitoa shauri kwamba fedha za mfuko wa michezo, ambazo kila mwanachama hukatwa kidogo kidogo, na ambazo tangu zamani hutumika kukodi gari la kutupeleka Tanga kutazama mpira na kuisaidia Coastal Union kila inapoomba msaada kwa wapenzi wake, sasa zitumike kununulia viti vipya vya ukumbi. Sababu aliyoitoa ni moja tu. Alisema Coastal ya leo si Coastal. Timu ilikuwa ile ya mwaka 1988, na hawa wa leo ni vibarua tu waliokuja kutafuta mkate wao. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na shauri likawekwa lipigiwe kura mkutano ujao.

Sina ugomvi na viti. Viti vya ukumbi wetu ni vibovu kweli, na mwaka jana kimoja kilinibwaga mbele ya wageni wa kutoka Korogwe. Ugomvi wangu ni juu ya ile sababu, maana naona imesimama juu ya kumbukumbu iliyotiwa chumvi, na mzigo wake wametwishwa vijana wasiokuwako kujitetea.

Kwanza nimpe mzee haki yake. Mwaka 1988 ulikuwa mwaka mkubwa, wala hapana mtu wa mkoa huu atakayebisha. Coastal Union, klabu iliyozaliwa mwaka 1948, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara; na mwaka huo huo jirani zao African Sports, Wana Kimanumanu, wakatwaa ubingwa wa Muungano. Mji mmoja, mwaka mmoja, ubingwa mara mbili, na Simba na Yanga wakabaki kutazama. Aliyeishi siku zile hawezi kuzisahau, nami niliziishi. Nimebakiza miezi michache nistaafu, kwa hiyo asije mtu akasema nasema haya kwa kuwa ni kijana nisiyejua jana.

Lakini hebu tuseme kweli. Timu ile ya 1988 niliiona kwa macho mara mbili tu. Mara nyingine zote niliiona kwa masikio. Nilikuwa karani mpya, kijana wa miaka 22, na mshahara wangu haukunifikisha mwisho wa mwezi, sembuse nauli ya kwenda Tanga na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 150 kila upande. Siku ya mchezo tulikusanyika mbele ya redio ya mkuu wetu wa masjala kuisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, na betri zake tulikuwa tumezianika dirishani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Mara nyingi zilizima dakika ya sabini, nasi tukabaki kubishana ni nani aliyekuwa na mpira sauti ilipokatika. Tulikuwa watu saba au wanane katika chumba kile. Sasa miaka imepita, na naona wote tuliokuwa mle ndani tumehamia uwanjani. Huyu alisimama nyuma ya goli. Yule alikuwa jukwaani. Mwingine, ambaye nakumbuka vema kwamba ndiye aliyekuwa akiishika waya ya redio isiteleze, leo anasimulia jinsi jasho la mchezaji lilivyomrukia usoni. Kama wote wasemao kwamba walikuwako wangalikuwako kweli, kuta za Mkwakwani zingalianguka.

Sisemi hayo kumdharau mtu. Nasema kwa kuwa timu inayosikiwa redioni haikosi pasi. Mtangazaji akisema mchezaji amepiga shuti kali, likapita juu kidogo, wewe uliye Lushoto walijenga shuti lile katika moyo wako, kali kama upendavyo, na lipite juu kwa nchi moja tu. Hakuna aliyekuonyesha kwamba lilipita juu ya ukuta likaenda kumtafuta mwuza miwa. Vijana wa leo twawaona kwa macho, katika televisheni, hapa hapa mjini, na beki akiteleza picha hurudiwa mara tatu, polepole, tumhesabie kila kidole cha mguu kilivyomsaliti. Hukumu gani hiyo, ambamo mmoja hupimwa kwa ndoto na mwenzake kwa kioo?

Sasa nije kwenye neno lile la vibarua, maana ndilo lililonichoma kuliko yote.

Sisi ni nani, jamaa zangu? Hiki ni chama cha makarani na watumishi. Kila mmoja wetu aliajiriwa kwa barua, akatia sahihi, na tarehe za mwisho wa mwezi twazijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wetu. Vyama kama chetu vilianza Tanga mwaka 1922, pale marehemu Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi wa Kiafrika wa Serikali katika Tanganyika. Watu wale walizipenda kazi zao, na kwa hati zao nzuri walitushinda sisi sote tunaobofya mashine. Lakini walitaka pia kazi yao ithaminiwe. Basi inakuwaje wajukuu wa chama kile waone aibu kwamba kijana anayecheza mpira anadai mshahara wake kwa mkataba? Mtu akivunjika goti akiwa na miaka 27, ni nani kati yetu atakayemlea? Sisi tukiumwa tuna bima na likizo ya ugonjwa. Yeye ana kile kilichoandikwa katika mkataba wake, na kama hakuna kitu kilichoandikwa, ana vijiti vya kutembelea.

Tena si kweli kwamba wale wa 1988 walicheza kwa upepo. Mpira wa siku zile uliitwa wa ridhaa, lakini ridhaa ile ilikuwa na mshahara nyuma yake. Katika nchi nzima mchezaji hodari alipewa kazi katika shirika la umma, bandarini, kwenye reli, kiwandani au serikalini, na mkuu wake wa kazi alimwachia saa za jioni aende mazoezini, naye akiwa uwanjani jina lake lilibaki katika daftari la mshahara. Mzee wetu aliita jambo hilo mapenzi ya klabu. Mimi naliita mapenzi pamoja na ajira ya kudumu, na hiyo ajira ndiyo iliyoyalinda mapenzi yasife njaa. Kisha mashirika yale yakapungua, viwanda vikafungwa. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilizima mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mkonge ulikuwa umekwisha kuanguka kabla yake. Mchezaji aliyekuja baada ya hapo hakuikuta meza ile imeandaliwa. Alikuta mpira peke yake. Na alipojifunza kuuza miguu yake kama sisi tuuzavyo kalamu zetu, tukamwita kibarua.

Wako wanaosema: haya, na alipwe, lakini mbona hakai? Mbona wale walikaa na hawa huondoka kila mwaka? Hapa nataka kuuliza swali ambalo najua litawakera baadhi ya wakubwa. Karani wa Lushoto akipata uhamisho kwenda Dodoma, wizarani, kwenye cheo kikubwa na nyumba, twamfanyia nini? Twamchinjia mbuzi. Twapika pilau, mwenyekiti atoa hotuba, na yule bwana hulia machozi kidogo kwa adabu kisha asubuhi hupanda gari la kwanza. Hakuna aliyewahi kumwita msaliti wa Usambara. Lakini Bakari Mwamnyeto, nahodha wetu, alipokwenda Yanga mwaka 2020, nilisikia kwa masikio yangu mwili mzima wa chama hiki ukimlaani kijiweni kana kwamba ameiba mbao za kanisa.

Na mwaka ule hakwenda peke yake. Ibrahim Ame alichukuliwa na Simba, na Ayoub Lyanga akachukuliwa na Azam. Nahodha kwa Yanga, beki kwa Simba, mshambuliaji kwa Azam, katika dirisha moja la usajili. Vigogo watatu wa Dar es Salaam walikuja wakagawana timu yetu kama watu wagawanavyo nyama ya kitoweo, kila mmoja kipande chake. Niambieni ni timu gani ya 1988 ingalivumilia kung'olewa mihimili mitatu kwa mara moja na bado isimame msimu uliofuata.

Sisi watu wa milimani tungalikuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Kila siku magari hushuka kona za Soni mpaka Mombo yamebeba kabeji, karoti, mafyulisi na matunda damu kwenda Dar es Salaam. Lililo bora hushuka. Lililo dogo na lenye doa hubaki gulioni kwetu, nasi twalinunua tukinung'unika. Lakini sijapata kumwona mkulima wa Mlalo wala wa Lukozi aliyesimama kando ya shamba lake akilitukana ati mwaka 1988 lilikuwa na kabeji kubwa. Fedha ikirudi kutoka Kariakoo hununua mbegu na samadi, akapanda tena. Iwapo fedha haikurudi, humwuliza dalali. Shamba halimwulizi mtu neno. Basi wanaotaka kugomba na wagombe na hesabu: wachezaji wameuzwa, je, fedha zimerudi zikawa mbegu? Hilo ni swali la haki, na mwanachama wa klabu ana ruhusa ya kuliuliza katika mkutano wa klabu, kwa jina lake, akiwa na kadi iliyolipiwa ada. Nauliza tu, bila ubaya: katika wale waliopiga makofi, ni wangapi wenye kadi hiyo?

Niendelee. Mzee alisema Coastal imeshindwa kurudia ubingwa kwa miaka yote hii kwa kuwa wachezaji hawana moyo. Kama ni moyo, basi moyo umekauka katika nchi nzima isipokuwa mji mmoja. Tazameni mabingwa waliotoka nje ya Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro mwaka 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986. Sisi mwaka 1988. Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Na baada ya hapo? Mpaka msimu wa 2024/25 ulipokwisha, ubingwa wa ligi haukutoka tena Dar es Salaam: ni Simba, ni Yanga, na mara moja Azam, mwaka 2014. Robo karne nzima. Mwanza haikuupata, Mbeya haikuupata, Arusha haikuupata. Tukuyu Stars waliokuwa mabingwa miaka miwili kabla yetu, vijana wa leo hawalijui hata jina lao. Mtibwa, bingwa wa mara mbili, aliteremka daraja mwaka 2024. Huo si ugonjwa wa Coastal, ni mvuto wa mahali palipo fedha, wadhamini, wenye viwanda na viwanja vikubwa. Na kijana wa Tanga akisimama mbele ya mvuto ule na kuuzuia kwa dakika tisini, hastahili kuambiwa kwamba babu yake alikuwa hodari kuliko yeye.

Sisemi kwamba hatukuwahi kuanguka. Tulianguka, tena vibaya. Mwisho wa msimu wa 2015/16 timu tatu ziliteremka daraja, na zote tatu zilikuwa za Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo Shooting. Mji uliokuwa na mabingwa wawili kwa mwaka mmoja ukawa hauna timu hata moja ligi kuu. Nakumbuka jioni ile nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kama kuna msiba ofisini.

Na hapa sina budi kujishtaki mwenyewe, maana si vema kuwapiga wenzangu mawe nikiwa nyuma ya ukuta. Misimu miwili ile ambayo Coastal ilicheza daraja la kwanza sikukanyaga Mkwakwani hata siku moja. Nilisema maneno yale yale aliyoyasema mzee: si timu, ni vibarua, timu ilikuwa ya 1988. Gari letu halikukodiwa, na mfuko wa michezo ulilala benki. Wakati huo wako vijana waliosafiri kwenda kucheza viwanja visivyo na nyasi, mbele ya watu wachache, na mwaka 2018 wakairudisha klabu ligi kuu. Majina yao siwezi kuyataja. Nayataja ya 1988, ambao walicheza mbele ya umati, lakini hawa walioibeba klabu ikiwa maiti siwajui hata mmoja. Nimeliona jambo hilo kuwa aibu yangu, nami naliandika hapa lisomwe.

Tangu kurudi wamefanya nini? Mnamo tarehe 2 Julai 2022, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid kule Arusha, Coastal ilicheza fainali ya kombe la Shirikisho na Yanga. Yanga ile haikuwa imefungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima. Vijana wetu walitoka nayo sare ya mabao matatu kwa matatu, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, mwenye kuitwa Sopu. Kombe lilikwenda kwa Yanga kwa mikwaju ya penalti. Kama mchezo huo ungalitangazwa kwa redio yenye betri za kuanikwa juani, leo tungalikuwa tunausimulia mpaka tufe. Lakini tuliuona katika televisheni, na kesho yake niliyoyasikia ofisini yalikuwa juu ya penalti zilizokosa tu. Mwezi uliofuata Sopu alikuwa Azam.

Kisha msimu wa 2023/24 timu ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba tu, na golikipa wake, Ley Matampi wa kutoka Kongo, akachaguliwa kuwa golikipa bora wa ligi. Kwa nafasi ile Coastal ilirudi katika mashindano ya Afrika baada ya zaidi ya miaka thelathini. Ni kweli ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Wapo waliosema afadhali isingalikwenda. Mtu wa namna hiyo mtoto wake akifaulu mtihani wa kuingia sekondari na asishike nafasi ya kwanza humwambia afadhali asingalisoma.

Lakini kama mnataka hakimu wa kweli baina ya timu ya jana na ya leo, msinisikilize mimi wala mzee wetu. Yuko mtu aliyesimama katika zote mbili. Juma Mgunda alikuwa mchezaji wa Coastal ile ya 1988, na huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha wa Coastal katika fainali ya 2022. Alilivaa jezi la mabingwa, kisha akawafundisha hawa mnaowaita vibarua. Na kama angaliwaona kuwa si kitu, asingalitoka nao mpaka fainali. Alikaa nao kiwanjani jua na mvua. Sisi tulikaa hapa juu kwenye ukungu tukitoa hukumu. Na kwa kuwa kila chema cha Tanga hushuka barabara ile ile, Septemba ya mwaka 2022 Simba walimwita, akaenda. Sikusikia mtu akimwita Mgunda msaliti, na ni haki asiitwe. Basi haki hiyo hiyo wapewe na vijana wake.

Mnajua pia kwamba Coastal ni jina la Kiingereza la watu wa pwani, lakini Wagosi wa Kaya halikutoka baharini. Mgosi ni neno letu la huku juu, na la ndugu zetu wa Bonde na Uzigua. Toka Mlalo hadi Muheza wanaume huitana hivyo sokoni. Klabu imebeba neno la milima hii katika jina lake la mapenzi. Nasi tumeipelekea wachezaji wangapi?

Ngoja niseme la kijana mmoja, bila kutaja jina lake wala ofisi yake. Ni karani mdogo, ana mguu wa kushoto ambao wote mliokwenda kuitazama michezo ya watumishi mmeuona. Mwaka jana aliitwa Tanga kwa majaribio ya siku saba. Hakuomba hisani, aliomba siku saba katika likizo yake mwenyewe ya mwaka, ambayo ni haki yake kwa kanuni. Akajibiwa kwamba kuna majalada yanayosubiri na mpira si kazi. Siku saba zikapita, majalada yakasubiri vile vile kama kawaida ya majalada, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Aliyemkatalia ni mtu awezaye kuwataja wachezaji kumi na mmoja wa 1988 bila kupumzika, akianza na golikipa, na tena huwataja kwa machozi.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba huenda si wachezaji waliopungua. Wakuu wa kazi wa siku zile waliwaachia vijana wao saa za jioni. Sisi tumekuwa wakuu wa kazi, na twanyima hata likizo. Walimu wetu walitupanga kiwanjani kila alasiri. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya mashule ikasimamishwa nchi nzima kwa miaka kadhaa, na kati yetu sisi wazazi tuliokuwa na kalamu za Serikali mkononi sijui aliyeandika hata barua moja ya kulalamika. Vijana waliopaswa kuwa na umri wa kuibeba timu miaka kumi baadaye walikuwa wamekaa darasani wakati jua likiwa zuri na kiwanja kikiota magugu. Leo kiwanja kipo, lakini nenda ukatazame nyavu za goli. Hapana nyavu. Mpira ukiingia huendelea na safari yake mpaka mtaroni, na watoto hupoteza nusu ya mchezo wakiufuata mteremkoni, kama mjuavyo jinsi nchi yetu ilivyosimama.

Kwa hiyo natoa shauri langu, nalo naomba lisomwe mkutanoni pamoja na lile la mzee, kwa heshima zote ninazomwekea.

Mfuko wa michezo ubaki kuwa wa michezo. Gari likodiwe kama zamani, walau mara tatu kwa msimu, na atakayetaka kuitukana timu alipie nauli yake kwanza, awatukane ana kwa ana. Sehemu nyingine ya fedha inunue nyavu na mipira kwa vijana wa hapa mjini. Bei nimekwisha kuiuliza dukani na karatasi yake iko kwa mwandishi wa chama. Na chama kiandike barua kwa wakuu wa ofisi zetu zote wilayani, barua ya adabu lakini isiyopinda, kuomba kwamba mtumishi aliyeitwa kwa majaribio ya mpira apewe siku zake za likizo asipokuwa na kosa. Rasimu ya barua hiyo nimeiandika, nami nitaileta.

Kuhusu viti, nimezungumza na fundi seremala. Milima ya Shume ingali na misitu, na sioni kwa nini watu wa Lushoto waagize viti vya plastiki kutoka Dar es Salaam. Fundi amesema atavitengeneza vile vibovu kumi na vinne kwa bei ambayo haifiki robo ya fedha iliyotajwa mkutanoni. Kile kilichonibwaga mimi amesema hakifai tena ila kwa kuni.

Mzee wetu nimempelekea nakala ya barua hii kabla haijapigwa chapa, ili asiisome kwa mara ya kwanza mikononi mwa watu. Amenijibu kwa mstari mmoja, kwamba tutaonana kwenye kura. Nami nimemjibu kwamba gari likikodiwa nitamwekea kiti cha mbele, karibu na dereva, kwa kuwa kona za Soni humsumbua tumbo tangu mwaka ule wa 1988, mara ile moja tuliyokwenda pamoja.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mgosi wa Masjala,
Lushoto.